Pete ya Daiodi Nne

Berlin, Septemba 9, 1986

Baba,

Nimekupigia simu tangu Agosti, na kila mara inalia mpaka inachoka yenyewe. Nikadhani uko bustanini, nikapiga wakati wa chakula, ikalia vilevile. Basi nimeshika kalamu. Usiucheke mwandiko wangu.

Kabati lako la kutengenezea sauti limefika salama. Liko sebuleni tangu Aprili na limekula nusu ya chumba. Rafiki zangu wakija wakaona matundu yote yale na taa zinazowaka, wananiuliza kama nimefungua ofisi ya kuunganisha simu. Nilipofungua masanduku nilikuta umeng'oa waya zote, umezifunga kwa rangi, nyekundu na nyekundu, njano na njano. Nilikaa chini nikazitazama. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kabati hili halina kumbukumbu: ukishang'oa waya, sauti iliyokuwemo imekwenda na hairudi. Chochote ulichokuwa ukikifanya humo mwaka wa mwisho wa mama, sitakijua. Ungeniachia hata karatasi moja, tundu lipi kwa lipi.

Haya, tuyaache hayo. Nina kazi ya muziki naiandaa ya Novemba na nimekwama. Nimepata kanda moja ya mama, ile ya unga wa pudini. Unakumbuka, kila ulipoleta nyumbani maikrofoni mpya kutoka kazini kwako redioni ulimkalisha mezani jikoni ukamsomesha nyuma ya pakiti: chukua nusu lita ya maziwa baridi, ongeza sukari, koroga. Na yeye kila alipofika kwenye "koroga" anacheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikoroga kitu.

Naingiza sauti yake upande mmoja wa pete, kile kifaa cha kabati kinachozidisha sauti mbili, na upande wa pili mlio mmoja ulionyooka kutoka kwenye kabati. Pete inavizidisha vizuri, mama anatoka kama kengele inayosema. Tatizo ni pale anaponyamaza. Akivuta pumzi kati ya maziwa na sukari, mlio haunyamazi pamoja naye. Unabaki pale unapiga filimbi peke yake. Nimebadilisha waya, nimepunguza huku, nimeongeza kule, wapi.

Najua ile kanda niliyoipiga kwenye mazishi yake hukuipenda. Uliinuka ukatoka katikati, mbele ya watu wote. Sijakuuliza mpaka leo na leo pia sikuulizi. Nauliza habari ya filimbi tu.

Almut


Hürtelbach, Septemba 16, 1986

Almut,

Barua imefika. Habari ya simu iache. Simu ni kitu cha madaktari na wauza bima. Ukiwa na neno, liandike.

Filimbi yako. Pete ni daiodi nne, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zimeshikana kichwa kwa mkia, ndiyo maana ikaitwa pete. Zikilingana zote nne, hakuna sauti inayopita humo ikabaki ilivyokuwa. Kinachotoka ni jumla ya zile mbili na tofauti yao, basi. Ingiza mlio wa mitetemo mia nne kwa sekunde na mwingine wa mia tatu: mia nne hutaiona, mia tatu hutaiona. Utapata mia saba na mia moja. Na upande mmoja ukinyamaza, hakuna cha kuzidisha, kwa hiyo panakuwa kimya kabisa. Kwa kimya hicho ndipo fundi anapoijua pete nzuri. Yako inavuja kwa sababu daiodi mojawapo imezeeka kuliko wenzake.

Zitoe zote. Pima kila moja, na ubadilishe ile isiyolingana. Katika sanduku dogo la bati, droo ya chini, nilikuwekea nyingine. Na hapa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo kila mwanafunzi aliyepita studio kwetu alipokosea, na wewe utakosea kwa kuwa subira huna, umemrithi mama yako. Usizishike kwa vidole ukapima papo hapo. Zimetengenezwa kwa madini ya germani, zinajua joto la mkono. Utaona zote zinalingana ukafurahi, kumbe umepima vidole vyako. Ziweke mezani. Ondoka. Kanywe kahawa, kikombe kizima. Ukirudi zishike kwa koleo, upime.

Kuhusu karatasi uliyotaka: sikuandika. Hapakuwa na sauti ya kuandikia.

Gernot Lövenich


Berlin, Oktoba 2, 1986

Baba,

Umetia sahihi jina lote, utadhani nina akina Gernot wengine wanaoniandikia habari za daiodi.

Nimefanya kama ulivyosema, yaani kwanza nilifanya kama ulivyosema nitafanya. Nilipima moto moto, zikalingana kama mapacha, nikaziunga, filimbi ikawa mbaya zaidi ya mwanzo. Mara ya pili nilikunywa kahawa nusu. Mara ya tatu nilikunywa yote na keki juu yake, nikashuka mpaka dukani nikarudi. Hapo nikaikamata ile iliyozeeka. Sasa mama akinyamaza, panakuwa kimya. Mara ya kwanza kimya kile kilinishtua, nikanyanyuka kuangalia kama umeme umekatika.

Nakutumia kanda. Naomba uisikilize yote, muziki ukiisha usizime, nenda mpaka mwisho kabisa. Halafu niambie ndiyo au hapana. Neno moja linanitosha, hata kwenye postikadi. Kujieleza najua hupendi. Mimi mwenyewe kwenye karatasi siwezi. Nikianza kukuandikia wewe, kila ninachotaka kusema kinageuka kuwa habari za waya. Mama ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yetu wote wawili, na sasa tumebaki mabubu.

Ndiyo au hapana, baba. Nasubiri, na sikufichi kwamba roho iko juu.

Almut


Hürtelbach, Oktoba 13, 1986

Almut,

Nimeipitia kanda yako, na si mara moja.

Kazi ya pete ni safi. Mama yako anaponyamaza, mstari unalala chini kabisa, hauna hata mtikisiko. Kwa hilo nimeridhika, na unajua siridhiki ovyo. Katikati mlio unayumba kidogo, maana yake uliliwasha kabati ukaanza kazi likiwa bado baridi. Liache lipate moto kwanza. Kuelekea mwisho umepandisha sauti mno, vilele vyake vyote vimekatwa, vimekuwa bapa kama meza.

Halafu muziki ukisha kwisha kuna fujo. Ni ndogo lakini inakwenda kwa muda, na haikupita kwenye pete. Nadhani ulisahau kuzima maikrofoni ukawa unahangaika chumbani. Ikate. Kazi ikiisha, iishe.

Umetaka ndiyo au hapana. Ni hapana.

G. Lövenich (Baba)


Berlin, Oktoba 20, 1986

Baba,

Jibu nimelipata na nimelielewa. Nimeikata ile sehemu, kama ulivyosema.

Sitakusumbua tena.

Almut


Hürtelbach, Novemba 12, 1986

Almut,

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi. Nadhani kazi imekubana.

Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin. Watoto walipita na taa zao za karatasi, wakasimama mlangoni wakaimba. Midomo yao ilikuwa ikifunguka na kufumba kwa pamoja, yule mwalimu mpya amewanyoosha vizuri. Niliwapa peremende. Mmoja alikuwa ananiuliza kitu, nikampa na yeye peremende.

Ndani ya bahasha hii kuna kiberiti, na ndani ya kiberiti kuna daiodi nane. Nimezipima kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, chumba kikiwa na baridi na kikiwa na moto. Zinalingana. Huhitaji hata kunywa kahawa. Ukitaka kujaribu pete mbili zikifuatana, hizo zitakufaa, na mimi naweza kukuchorea.

Ukipata nafasi niambie zimefika.

Baba yako, Gernot Lövenich


Hürtelbach, Desemba 14, 1986

Almut,

Siku hizi namsubiri mleta barua getini. Yeye ananiona kwa mbali na anaanza kutikisa kichwa kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Nimekaa nikafikiri. Kama ni ile hapana yangu, ujue nilikuwa nasema habari ya vilele. Vilele si jambo kubwa. Nusu ya kazi zilizotoka studio kwetu zilikuwa na vilele vilivyokatwa na zikarushwa hewani, na hakuna msikilizaji aliyeandika kulalamika. Labda nilikuwa mkali. Kazini niliambiwa mara nyingi kwamba namsahihisha mtu kama vile nampiga kofi, na mama yako naye alikuwa akiniambia hivyo hivyo.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimefunga vyumba vya juu kuokoa makaa, sasa nakaa jikoni na chumba cha kazi. Nimejaribu kupika viazi vya kukwangua na kukaanga kama vya mama yako, vikashika chini, nikavila hivyo hivyo kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuona.

Krismasi nipo nyumbani. Nasema tu ili ujue.

Baba


Hürtelbach, Machi 5, 1987

Bi Almut,

Mimi ni Trudi Kessenich wa nyumba ya pili, yule ambaye wewe na wenzako mlimvunjia kioo cha banda la kuku kwa mpira. Nimekwisha kukusamehe, ingawa kuomba msamaha hukuomba. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha zako. Baba yako kazipanga juu ya redio, na ninapofuta vumbi haniruhusu kuzigusa, kwa hiyo nimenakili kwa kujificha kama mwizi, uzee wote huu.

Nakuandikia kukugombeza. Jana tumepakwa majivu kanisani na padri akasema tuseme ukweli katika mfungo huu, basi mimi naanza na wewe. Una baba mmoja. Mkewe Roswitha yuko kaburini. Na wewe umempigia kimya tangu Oktoba, hata kadi ya Krismasi hukuleta! Kakukosea nini? Nikimuuliza ananiambia "vilele". Vilele gani? Anasema "vilikatwa". Mimi ni mfuga kuku, sikuambulia kitu.

Ningeelewa kama angekuwa mtu wa kwenda baa akacheza karata na wenzake. Lakini hali yake si unaijua mwenyewe. Mtu asiyesikia, barua ndiyo dunia yake. Huku kijijini mimi ndiye ninayeongea naye, tena kwa kumwandikia nyuma ya mifuko ya unga, na mkono unaniuma, na bado bwana mkubwa ananisahihisha herufi! Simu aliing'oa mwaka jana akaitia sandukuni. Kengele ya kanisa iko juu ya kichwa chake na haijui. Vilivyobaki ni vitu vizito tu. Lori la maziwa likipita anageuka. Jumatatu ya kanivali, siku ya ngoma na mavazi ya kuigiza, tulisimama dirishani, ile ngoma kubwa ilipofika mbele ya nyumba nikaona ameweka mkono kifuani na anatabasamu. Nikaingia jikoni nikalia, mimi na vazi langu la tarishi wa mfalme.

Daktari alisema ni ile miaka ya kuvaa vipokea sauti kichwani. Vifaa vya masikio kajaribu, anasema vinampa kelele tupu. Hali ya masikio yake ilianza kushuka Roswitha akiwa hai, lakini mimi nilijua imefika pabaya siku ya mazishi. Alipoinuka akatoka, nikamfuata mbio, nikidhani anazimia. Nikamkuta amesimama kwenye theluji bila kofia. Akaniuliza, "Trudi, mle ndani wamepiga nini? Mbona wote wanalia?" Nikamwambia polepole, asome midomo: Roswitha. Sauti ya Roswitha. Akasema, "Roswitha?" Halafu akakaa kwenye ngazi zenye barafu na ile suruali yake nzuri, na sikuweza kumnyanyua mpaka alipokuja mchimba kaburi.

Sasa mwandikie. Mwandikie hata kumtukana, atafurahi.

Trudi Kessenich

Kuku wanataga vizuri, ila mayai hayafiki Berlin salama, vinginevyo ningekutumia.


Berlin, Machi 14, 1987

Baba,

Bi Trudi ameniandikia. Usimkasirikie, alidhani najua. Kila mtu hapo kijijini alidhani najua.

Barua yake niliisoma nimesimama jikoni, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Sijui nianze na lipi. Nimekukasirikia kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na wakati huohuo nataka kupanda treni sasa hivi. Ulikuwa hunisikilizi, ulikuwa unanitazama! Ni kile kioo chako cha kijani kinachochora mawimbi, sivyo? Ulichomeka kanda yangu humo ukakaa mbele yake na miwani. "Mstari unalala chini." "Vilele bapa kama meza." Nani anayesikia kitu bapa kama meza? Nilikuwa na barua mkononi inayosema kila kitu na mimi, eti mtu wa muziki, nisione.

Ile fujo ya mwisho, baba, ilikuwa mimi.

Nilizima kabati nikasogea kwenye maikrofoni nikaongea na wewe. Niliongea chini chini kwa sababu nilikuwa naona haya. Nakuandikia maneno yote, nayajua kwa moyo: "Baba, Jumapili ya wafu, tarehe ishirini na tatu Novemba, nitaipiga hii ya mama katika ukumbi wa kanisa mtaani kwangu. Nimekuwekea kiti cha mbele. Kama umenisamehe ya mazishini, njoo. Niambie ndiyo au hapana. Ukisema hapana, sitakuuliza tena. Nimekukumbuka sana, baba." Ni hayo tu. Ukanijibu kwamba ni fujo, niikate, na kwamba ni hapana.

Kiti kilikaa wazi. Niliweka koti langu juu yake ili kisionekane wazi sana. Kuna bibi mmoja alichelewa, ukumbi umejaa, akaliondoa lile koti akae, na mimi nikamkatalia kutoka jukwaani, kwa sauti, mbele za watu. Nilikuwa bado nakutazamia uingie mlangoni. Barua zako mbili zilizofuata ile hapana nilizifungua na sikuzijibu. Nilijiambia huyu mtu moyo hana, moyo aliokuwa nao ulikuwa ni mama. Samahani kwa hilo. Naomba samahani nusu, nusu nyingine ni yako, kwa kunificha.

Sasa nisikilize. Yaani nisome. Bi Trudi anasema vitu vizito bado unavipata, lori na ngoma. Nimekaa na hilo wiki nzima. Wewe uliniandikia pete inatoa jumla na inatoa tofauti. Mimi siku zote nilikuwa nafukuzia jumla, zile kengele za juu, na tofauti nilikuwa naitupa. Safari hii nimegeuza. Nimeshusha mlio mpaka ukakaa karibu na sauti ya mama, nimepitisha vinavyotoka kwenye kichujio, nimetupa jumla yote. Iliyobaki imeteremka chini sana, huko kwenye lori la maziwa. Maneno yamepotea, hutapata maziwa wala sukari. Lakini pumzi zake zipo, na pale anapocheka pia papo, nimeshika spika kwa kiganja nikakisikia kicheko kikipita.

Kanda hiyo hapo. Tumia zile spika kubwa za chumba cha kazi. Na kioo usikiwashe. Kigeuze kitazame ukuta. Halafu niambie umesikia nini, na mara hii usinidanganye. Afadhali uniumize.

Almut wako


Hürtelbach, Machi 26, 1987

Almut, mwanangu,

Kwanza ile fujo. Kwenye kioo mlio mdogo usiopangika unatoka kama majani mafupi yanayotikisika, na studioni tuliyaita hivyo, majani. Nimefundisha watu miaka mingi kwamba majani ni uchafu. Kwa hiyo niliyaona, nikaandika uchafu. Juzi nimeitoa tena kanda ile ya kwanza, nikakaa mbele ya kioo na barua yako mkononi, nikawa nafuata neno kwa neno. Sasa najua "njoo" iko wapi. Ni pale yanapoinuka kidogo kisha yakalala. Nimeipitisha hapo mpaka Trudi akaja kuniuliza kama nimekula.

Kwa nini nilikuficha. Nimeandika sababu tatu nikazichana zote, nimebaki na moja. Niliogopa. Fundi wa sauti asiyesikia ni nani? Wewe ulinitafuta kwa ajili ya filimbi. Nikaona kwa kalamu na kioo naweza kukujibu, ukaniamini, ukaandika tena. Nilidhani siku ukijua, hutakuwa na la kuniuliza.

Ya mazishini amekwisha kukueleza yule mama asiye na breki. Sikutoka kwa hasira. Kila mtu alikuwa na Roswitha mle ndani isipokuwa mimi.

Na mwaka wake wa mwisho kwenye kabati hapakuwa na muziki. Nilikuwa namkalisha jikoni na ile pakiti, anasoma, na mimi naunga waya nikitafuta mahali ambapo bado nampata. Hiyo tofauti yako niliijaribu. Nilijaribu yote. Yeye alijua ninachotafuta, akasoma hadi sauti ikamkauka, kisha akasema tupumzike kidogo, Gernot. Ndiyo maana nilizing'oa waya. Ningekuandikia nini kwenye karatasi?

Sasa kanda yako. Kioo nilikigeuza ukutani, Trudi ni shahidi. Nilikaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye spika, nikamwambia awashe.

Umesema nisikudanganye. Sikumsikia mama yako. Nilingoja mpaka mwisho, nikasema airudishe, nikangoja tena. Pumzi hakuna, kicheko hakuna. Ningeweza kukuandikia kwamba nimekipata, kwa sababu mawimbi yake nayajua kwa kichwa na usingenigundua. Lakini sikukipata, na sidhani nitakipata tena. Hilo nimelilia, na kwa leo limetosha.

Kitu kimoja nilikisikia. Kiko chini kabisa, mngurumo, mnene, umenyooka. Unaanza kanda inapoanza na hauachi hata pale mama yako anaponyamaza. Ni wa mitetemo hamsini kwa sekunde, si arobaini na tisa wala hamsini na moja. Ni umeme wa nyumba yako, Almut. Safari hii waya wa ardhi wa kabati umeulehemu vibaya, au umelichomeka kwenye soketi moja na friji. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, aibu kwa jina la Lövenich. Nililisikiliza upande mzima wa kanda. Trudi alikuwa anafuta meza, akasimama, akaandika kwenye mfuko: Unacheka au unalia? Nikamwambia naisikia sebule ya mwanangu.

Treni inatoka Köln Jumanne asubuhi, inafika stesheni ya Zoo hapo Berlin jioni. Ukiniona kwenye umati usiniite, nishike mkono. Nitakuja na chuma cha kulehemu. Lakini mpaka nifike huo waya usiuguse. Nataka kwanza kukaa hapo nikausikie.

Baba